Mali bila daftari: Kiini cha kuongoza shirika la kuhifadhi mikoko Pwani

KATIKA kijiji cha Gazi, kaunti ya Kwale, takriban kilomita 50 kusini mwa Mombasa, wakazi hupata pesa kutokana na miti ambayo haikukatwa.

Tangu mwaka 2013, watu wa Gazi na jirani zao wa Makongeni wamekuwa wakilinda hekta 117 za mikoko kupitia shirika la kijamii liitwalo Mikoko Pamoja. Ulinzi huo hulipiwa na wanunuzi walio ng'ambo, na malipo hayo yamesaidia kuwaletea wakazi maji, kununua vitabu vya shule na kukarabati madarasa.

Mradi huo ndio uliokuwa wa kwanza duniani wa kijamii kuuza hati za kaboni zitokanazo na mikoko. Mnamo 2017, ulitunukiwa Tuzo ya Ikweta inayotolewa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo (UNDP).

Mengi yamesemwa kuhusu miti yenyewe. Yasiyozungumzwa sana ni kazi ya kuliongoza shirika la namna hiyo: nani hushika pesa, nani huamua zitumike vipi, nani humwambia jirani yake asikate boriti, na nani atayabeba majukumu hayo miaka kumi ijayo.

Masuala hayo yana uzito kwa sababu msitu wa mikoko huchukua miongo kadhaa kukomaa, ilhali imani ya wanakijiji yaweza kuvunjika katika mkutano mmoja tu. Imani ikishavunjika, shoka hurudi msituni.

Miti yenye historia

Kwa karne nyingi mikoko imekuwa tegemeo la wakazi wa Pwani. Wajenzi waliipa miti hiyo majina kulingana na unene wake: fito, pau, mazio, boriti na nguzo. Upana wa vyumba katika nyumba kongwe za mawe kisiwani Lamu uliamuliwa na urefu wa boriti zilizobeba dari.

Majahazi nayo yalisheheni boriti hizo na kuzipeleka Uarabuni na Ghuba, ambako mbao zilikuwa adimu. Biashara hiyo ya nje ilipigwa marufuku na serikali ya Kenya mwaka 1982.

Hata hivyo, madhara makubwa ya Gazi hayakutokana na mjenzi wa nyumba ya kijijini. Katika miaka ya sabini, sehemu za msitu huo zilifyekwa ili kupata kuni za kuchomea chokaa na matofali viwandani. Mahali palipokuwa na msitu mnene pakabaki uwanja mtupu wa tope, na kwa miaka mingi miti haikuchipuka tena yenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi nchini (KMFRI), akiwemo Dkt James Kairo, walianza majaribio ya kupanda mikoko upya mahali hapo, wakishirikiana na wanakijiji.

Majaribio hayo ndiyo yaliyofungua njia ya yaliyofuata. Kwa kuipima miti hiyo mwaka baada ya mwaka, watafiti walijua hukua kwa kasi gani na huhifadhi kaboni kiasi gani. Kwa maneno mengine, takriban miaka 20 ya utafiti na upandaji ilitangulia kabla ya hati ya kwanza kuuzwa.

Hilo ni funzo la kwanza kwa yeyote anayetaka kuongoza shirika la aina hii: wanaotarajia mavuno ya haraka watavunjika moyo mapema.

Biashara ya kaboni ni nini?

Mti wowote hufyonza gesi ya kaboni kutoka hewani na kuihifadhi katika shina, majani na mizizi. Mikoko ina sifa ya ziada. Mizizi yake imo katika tope lenye maji ya chumvi na lisilo na oksijeni ya kutosha, hivyo majani na mizizi inayokufa humo huchukua muda mrefu sana kuoza. Kaboni hujikusanya topeni kwa mamia ya miaka.

Msitu ukifyekwa, tope hilo hupata hewa na hazina yake huanza kurejea angani. Ndiyo maana kuulinda msitu uliopo kuna thamani sawa na kupanda mwingine, na mara nyingi kuna thamani zaidi.

Hati moja ya kaboni huwakilisha tani moja ya gesi iliyozuiwa kuingia angani au iliyoondolewa humo. Mikoko Pamoja ilikadiriwa kuzalisha takriban tani 3,000 kwa mwaka. Kampuni au mtu binafsi anayetaka kufidia uchafuzi wake hununua hati hizo.

Wanakijiji hawauzi hati hizo moja kwa moja. Shirika la hisani lenye makao yake Scotland, ACES, huziuza kwa niaba yao na kuwatumia fedha. Taasisi ya Plan Vivo ndiyo inayoidhinisha kwamba vigezo vimezingatiwa, nao wataalamu wa KMFRI husaidia katika vipimo.

Jambo jingine ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba ardhi yenyewe si ya shirika. Mikoko yote nchini ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932, enzi za ukoloni. Ilibidi wakazi wapitie chama cha kijamii cha misitu cha Gogoni-Gazi na kutia saini mkataba wa usimamizi na Shirika la Huduma za Misitu (KFS), jambo lililowezeshwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na sheria mpya ya 2016.

Kwa hivyo kiongozi wa shirika kama hili hana msitu. Alicho nacho ni dhamana: kwa serikali yenye ardhi, kwa mnunuzi aliye mbali, na zaidi ya yote kwa jirani aliyeacha kukata mti kwa ahadi kwamba atanufaika.

Daftari kabla ya jembe

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo unawafaa viongozi wa mashirika ya uhifadhi kuliko wanavyofikiri.

Kanuni za Plan Vivo zinataka angalau asilimia 60 ya mapato ya mauzo iwafikie wanajamii. Tuseme tani 3,000 zimeuzwa kwa dola tano kila moja. Mapato yatakuwa dola 15,000, na sehemu ya jamii isipungue dola 9,000. Bei ikipanda hadi dola kumi, kiasi hicho huongezeka maradufu. Wanunuzi wakikosekana, hakuna cha kugawa, ilhali walinzi wa msitu bado wanahitaji malipo.

Dola 9,000 zikigawanywa kwa kila kaya katika vijiji viwili, kila mmoja ataambulia fedha za kununulia mahitaji ya siku chache. Zikiwekwa pamoja, zaweza kutandaza mabomba ya maji. Ndiyo sababu Mikoko Pamoja iliamua fedha zielekezwe kwenye miradi ya pamoja, na miradi hiyo kuchaguliwa na wanakijiji wenyewe katika mikutano ya hadhara.

Utaratibu huo una faida mbili. Kwanza, anayeteka maji bombani hukumbuka kila siku kwamba yametoka mikokoni. Pili, kiongozi hukingwa dhidi ya shutuma, kwa kuwa uamuzi haukufanywa na watu watatu chumbani.

Kinyume chake, mashirika mengi ya kijamii huporomoka kwa njia zinazofahamika. Mwenyekiti huwa ndiye mwenye muhuri, ndiye mwenye kitabu cha benki na ndiye anayezungumza na wafadhili. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza na kutumwa ng'ambo, huku wanaotajwa ndani yake wasijue kilichoandikwa. Kazi ya ulinzi hupewa mpwa, na zabuni ya miche hupewa shemeji.

Huenda hakuna hata senti moja iliyoibwa. Lakini mahali ambapo hesabu hazionekani, uvumi hujaza nafasi, na uvumi huenea haraka kuliko taarifa ya mkaguzi.

Dawa yake ni ya kawaida. Wanaoidhinisha matumizi wasiwe ndio wanaonunua. Saini za benki ziwe za watu zaidi ya mmoja, nao watoke vijiji tofauti. Hesabu zibandikwe mahali watu wanapopita, kwa Kiswahili, zikionyesha kilichoingia, kilichotoka na kilichosalia. Uchaguzi ufanyike kwa wakati uliowekwa, hata kama kiongozi aliyepo anapendwa.

Jirani mwenye shoka

Changamoto ya pili haihusu fedha bali mpaka. Hekta 117 zinazolindwa na mradi ni takriban moja ya tano tu ya mikoko yote ya ghuba ya Gazi. Mtu akizuiwa kukata upande huu na kuhamia upande wa pili, hakuna kilichookolewa. Miti imebadilisha tu mahali pa kufia.

Mkazi anayehitaji fito za kujengea na kuni za kupikia hataacha kuzihitaji kwa sababu shirika limesajiliwa. Chovya chovya humaliza buyu la asali: fito kumi za huyu na ishirini za yule, baada ya muda msitu huwa na matundu.

Kwa ajili hiyo, Mikoko Pamoja ilihimiza upandaji wa mivinje nchi kavu. Mti huo hukua upesi, hunyooka, na hutoa nguzo na kuni zinazoweza kuchukua nafasi ya mikoko. Aidha, kikundi cha akina mama wa Gazi huendesha njia ya mbao inayopita juu ya tope katikati ya msitu, ambako wageni hulipa ili kutembezwa.

Kiongozi anayekataza bila kutoa mbadala huonekana kama askari, na askari hukwepwa. Yaliyotokea Lamu yanathibitisha hilo. Kaunti hiyo ina zaidi ya nusu ya takriban hekta 61,000 za mikoko nchini. Serikali ilipotangaza marufuku ya ukataji miti mnamo Februari 2018, familia za wakataji boriti zilipoteza riziki kwa ghafla, na malalamiko yao yakailazimu serikali kuwalegezea baadaye.

Marufuku huweza kuzuia shoka kwa muda. Lakini haiwezi kumpa mkataji sababu ya kuupenda msitu.

Si kila tope ni shamba

Jaribu jingine linalomkabili kiongozi ni kupenda idadi. Mfadhili hutaka picha ya watu waliovaa fulana za rangi moja wakipanda miche, na takwimu kubwa ya kuandika katika ripoti. Kampeni ya kitaifa ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032 imeongeza hamu hiyo.

Sri Lanka ilionja matokeo ya haraka za namna hiyo. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, mashirika mengi yalikimbilia kupanda mikoko katika fuo zake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kati ya takriban hekta 1,000 hadi 1,200 zilizopandwa, ni kama hekta 200 hadi 220 tu zilizofanikiwa. Kati ya maeneo 23 yaliyochunguzwa, tisa hayakuwa na hata mche mmoja uliosalia hai.

Sababu hazikuwa za ajabu. Miche ilipandwa mahali pasipofaa, mara nyingi ikawa ya aina isiyofaa, na baada ya sherehe hakuna aliyerudi kuitunza.

Wavuvi wa Pwani ya Kenya wanayajua mengi ambayo watafiti walilazimika kuyaandika. Kila aina ya mti ina makazi yake. Mlilana husimama mbele, ukipigwa na mawimbi. Mkoko hufuata nyuma yake. Mkandaa na mchu hupatikana zaidi kuelekea nchi kavu, sehemu nyingine zikiwa zile zinazofikiwa na maji ya bamvua pekee.

Mche wa mkoko ukichomekwa mahali panapozama kwa saa nyingi mno, utakufa. Ukipandwa juu ya nyasi za baharini, si tu kwamba utakufa, bali utakuwa umeharibu malisho ya samaki na kasa.

Mara nyingine jembe halihitajiki kabisa. Pakiwa na miti mama karibu na maji yakipita bila kizuizi, mbegu hufika zenyewe. Kazi ya shirika hapo huwa ni kuzibua mkondo ulioziba na kuwazuia mifugo na wakataji.

Fauka ya hayo, msitu wa pwani hutegemea yanayotendeka bara. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zilisomba udongo mwingi hadi ukafukia mizizi ya mikoko na kuiua, hasa katika eneo la Mwache, Mombasa. Ghuba ya Gazi nayo hupokea maji ya mito Kidogoweni na Mkurumudzi. Kiongozi asiyezungumza na wakulima wa huko juu analinda nusu ya mlango.

Kwa hivyo kipimo cha kiongozi si idadi ya miche iliyopandwa. Ni ile iliyo hai baada ya miaka mitatu, na ile ambayo haikuhitaji kupandwa kwa sababu mama zake hawakukatwa.

Sheria zimebadilika

Waliopania kuanzisha mashirika ya aina hii leo watakuta mazingira ya kisheria yaliyo tofauti na ya mwaka 2013.

Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya mwaka 2022 imeweka utaratibu wa kusajili vikundi vya mashinani. Mashirika makubwa zaidi yasiyo ya kiserikali husimamiwa na Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa mwaka 2013 lakini ikaanza kutekelezwa Mei 14, 2024.

Kuhusu kaboni, marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2023, pamoja na kanuni za 2024, yanadai kuwe na mkataba wa maendeleo ya jamii kwa miradi iliyo katika ardhi ya umma au ya jamii. Kwa miradi ya ardhini, jamii haipaswi kupata chini ya asilimia 40 ya mapato ya mwaka baada ya gharama kuondolewa.

Sheria hiyo huweka kiwango cha chini tu. Wanakijiji wanaoombwa kutia saini mkataba wana haki ya kuuliza ni gharama zipi zitakazoondolewa kwanza, nani atazikagua, na mkataba utadumu kwa miaka mingapi. Kiongozi mwema huyauliza maswali hayo kabla yao. Asiyeyauliza huenda akagundua kwamba amewafunga wajukuu wa watu kwa karatasi ambayo hakuielewa.

Baada ya mwanzilishi

Mfano wa Gazi umeenea. Mwaka 2019, vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu karibu na mpaka wa Tanzania vilizindua mradi wao unaolinda hekta 460, karibu mara nne ya eneo la Gazi.

Huko Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, wavuvi walitenga sehemu ya bahari mwaka 2005 wakakubaliana isivuliwe, ili matumbawe na samaki wapate kurejea. Eneo hilo hufahamika kwa jina la tengefu. Shirika lao nalo lilipata Tuzo ya Ikweta mwaka uleule wa 2017.

Mikoko na matumbawe ni viumbe tofauti, lakini mashirika hayo yanafanana katika jambo moja: yote yaliwataka watu waache kitu leo ili wapate kingine baadaye. Ahadi ya namna hiyo haiwezi kusimama juu ya jina la mtu mmoja.

Hapo ndipo penye mtihani mkubwa zaidi. Mradi wa Mikoko Pamoja ulipangwa kudumu miaka 20, na zaidi ya nusu ya muda huo imekwisha kupita. Vijana wanaopita kando ya msitu huo kwenda shuleni walizaliwa mkataba ukiwa tayari umetiwa saini. Hawakuuona uwanja mtupu wa tope, na wala hawakushiriki kutoa ahadi.

Shirika lisilowaingiza vijana hao katika kamati, likawafundisha kupima miti na kusoma vitabu vya hesabu, litazeeka pamoja na waasisi wake. Vilevile, mwasisi asiyeng'atuka humnyima mrithi nafasi ya kukosea wakati bado yupo wa kumrekebisha.

Mapato ya kaboni hayatawatajirisha watu wa Gazi, na bei ya soko hilo haiamuliwi Kwale. Kilicho mikononi mwao ni mambo mengine: hesabu zilizo wazi, mpaka unaoheshimiwa, miti iliyopandwa mahali pake, na mkutano ambamo hata mama muuza samaki anaweza kusimama na kuuliza pesa zimekwenda wapi, akajibiwa.

Siku swali hilo litakapokosa jibu, msitu utakuwa umeanza kukatwa, hata kama bado hakuna shoka lililoinuliwa.